Mistari Myeusi Katika Duka la Kirewa

Katika gombolola la Kirewa, wilayani Tororo, liko duka la mabati lenye mlango mmoja na dirisha moja la mbao, nalo ni mali ya mke wa koplo. Mwaka 2023 koplo huyo alikuwa Somalia pamoja na kikosi cha Umoja wa Afrika, na fedha alizokuwa akizituma nyumbani ndizo zilizolijenga duka hilo, mfuko wa saruji baada ya mfuko, bati baada ya bati. Jamaa wengi wa askari wanaijua hali hiyo bila ya kuelezwa. Bwana yuko mbali, fedha zinakuja kwa simu, na kila shilingi inayopotea mikononi mwa bibi hupotea dukani kwanza, kisha ikapotea tena katika vinywa vya ukoo mzima.

Bibi huyo hakuwa mgeni wa biashara. Alijua kuipima sukari bila ya kumpunja mtu wala kujipunja mwenyewe, na alijua ni nani katika Kirewa hulipa deni baada ya kuuza muhogo, na ni nani hulipa baada ya kukumbushwa mbele ya watu. Alilokuwa halijui ni jambo ambalo wenye maduka wengi hawalijui hata leo, yaani maana ya ile milia myeusi iliyochapishwa ubavuni mwa kila pakiti, na ya kile kijisanduku cha vitone kilichobandikwa juu ya vifuniko vya chupa. Kwake yeye yalikuwa mapambo ya kiwandani.

Simu iliyoweza kuzisoma alama hizo aliletewa na shemeji yake, mdogo wa koplo, ambaye ni konstebo wa polisi upande wa Malaba. Ilikuwa simu ya mitumba, kioo chake kimepasuka pembeni, lakini kamera ilikuwa nzima. Shemeji alikaa nusu saa tu, kwani gari lilikuwa likimngoja Nagongera. Katika nusu saa hiyo alimwekea programu mbili: moja ya kusoma alama za kila namna, na ya pili iitwayo Kakasa, ambayo ni ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Akamwonyesha jinsi ya kuielekeza kamera, kisha akasema neno ambalo baadaye lilizaa balaa.

"Shemeji, kila chupa inayotozwa ushuru lazima iwe na namba yake peke yake. Ukiona namba zimefanana, ujue umeuziwa bandia."

Baada ya hapo akapanda bodaboda akaenda zake. (Neno lenyewe bodaboda, tukiwa hapo, lilizaliwa mpakani Busia, waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na kuita "boda, boda", leo limetembea Afrika Mashariki, na watu wa Busia hawajalipwa hata senti.)

Shemeji alisema kweli, lakini nusu yake. Tangu Novemba 2019 Uganda imekuwa ikitumia stempu za kodi za kidijitali juu ya bia, pombe kali, divai, soda, maji ya chupa na tumbaku. Kakasa ni neno la Kiganda lenye maana ya hakikisha, na mwananchi yeyote mwenye simu ya kamera aweza kuitumia. Kenya ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2013, na programu yake ya wananchi huitwa Soma Label. Tanzania ilianza Januari 2019, na yake ni Hakiki Stempu. Mtu wa Busia au Tororo, ambaye sabuni yake yaweza kutoka upande huu na biskuti zake upande ule, yampasa ayajue majina hayo, kwa kuwa kila programu imetengenezwa kwa ajili ya stempu za nchi yake.

Wiki ya kwanza simu haikusoma kitu. Bibi aliisogeza karibu, akaisogeza karibu zaidi, mpaka kamera ikaigusa chupa, kama mzee anavyoisogeza barua puani alipopoteza miwani. Picha ilizidi kuwa ukungu. Duka lenyewe lilikuwa giza, dirisha liko nyuma ya rafu, na mwanga wote ulikuwa ukija kutoka nyuma ya bidhaa na kuyapiga macho ya kamera. Juu ya hayo, kioo cha kamera kilikuwa na unga wa muhogo.

Jioni moja koplo alipopiga simu kutoka Mogadishu, bibi alimlalamikia.

"Unaishika namna gani?" koplo akauliza.

"Kama kijiko."

"Ishike kama bunduki. Weka viwiko juu ya meza, vuta pumzi, itoe nusu, halafu tulia. Usiifuate shabaha, iache shabaha ije."

Huo ulikuwa mchango wake wote katika elimu hii, na ulikuwa mchango mzuri. Kamera ya simu huhitaji kutulia kwa muda mfupi ili ipate kuona sawasawa, na mkono unaotetemeka huifanya milia myembamba ishikane kama kwamba ni mmoja mnene. Mengine bibi aliyagundua mwenyewe kwa kujaribu. Alianza kukifuta kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Aligeuza meza ili dirisha liwe mgongoni mwake na mwanga uangukie bidhaa. Aliona kwamba ni afadhali kuanza mbali, kiasi cha shubiri moja na nusu, kisha kusogea polepole mpaka simu ipokee, kuliko kuanza karibu na kurudi nyuma.

Pakiti za plastiki zilimsumbua kuliko vyote. Tochi ya simu ikiwashwa, plastiki humeremeta na doa jeupe la mwanga hukaa juu ya milia yenyewe. Dawa yake ni kuiinamisha pakiti kidogo upande, ili mng'ao uende kwingine, au kuizima tochi na kutoka nje kivulini. Jua kali la mchana nalo si rafiki. Pakiti iliyokunjamana sharti ivutwe kwa vidole viwili mpaka inyooke, lakini vidole visiuguse ule ukingo mweupe ulioachwa kila upande wa milia. Wengi hudhani ukingo huo ni nafasi isiyo na kazi, kumbe hapo ndipo chombo kinapojua kwamba alama imeanza na imekwisha; ukiuziba kwa kidole gumba, umeifunga njia. Chupa iliyotoka katika maji baridi hutoa jasho, na jasho hupinda mwanga, basi ifutwe kwanza. Chupa nyembamba ambayo milia yake imezunguka tumboni husomwa kwa taabu, kwa sababu milia ya pembeni hukimbilia nyuma; hapo mtu huizungusha taratibu mpaka alama yote ikae mbele ya kamera.

Wale wa maduka makubwa ya mijini hutumia chombo maalumu cha mkononi chenye mwanga mwekundu, na kazi yao ni nyepesi zaidi. Hata hivyo chombo hicho nacho kina upofu wake: milia iliyochapishwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kwake, kwa kuwa mwanga mwekundu hurudi sawa kutoka kwa wino na kutoka kwa karatasi.

Ilipofika Agosti, bibi alikuwa akisoma alama haraka kuliko mtoto wa shule anavyosoma ubao. Hapo ndipo alipoingia matatani.

Mali yake alikuwa akinunua Tororo, kwa mfanyabiashara wa jumla ambaye watu wote humwita Hajji, mzee mpole, asiyeuza pombe. Kwa muda wa miaka miwili Hajji alikuwa akimpa soda, sabuni, chumvi na mafuta kwa mkopo, na kuandika katika daftari lenye jalada jeusi. Siku hiyo bibi alifika nyumbani na soda 24. Akatoa simu, akaanza kuzisoma moja baada ya moja. Ya kwanza ilitoa namba ya tarakimu 13. Ya pili ikatoa namba ile ile. Ya tatu vile vile, mpaka ya 24. Zaidi ya hayo, namba hiyo ilianza kwa 616, na kijana mmoja pale senta alisema kwamba 616 ni Kenya. Basi, bibi akajumlisha: soda ni bandia, tena ni ya magendo.

Hakungoja hata kesho. Alizifunga soda juu ya bodaboda, akarudi Tororo, na mbele ya wateja waliojaa dukani akasema, "Hajji, umeniuzia magendo, na namba zake zote ni moja."

Duka likanyamaza. Hajji hakupandisha sauti. Alichukua miche miwili ya sabuni kutoka katoni moja, akaiweka mezani milia ikitazama juu.

"Binti yangu, zisome hizi."

Akazisoma. Namba ilikuwa moja.

"Na hizi je, ni bandia? Zote zimetoka kiwanda kimoja, aina moja, uzito mmoja. Namba hii ni jina la ukoo. Watu wa ukoo mmoja wataitwaje kwa majina mawili ya ukoo? Sasa tazama kifuniko cha soda yako. Hicho kijisanduku cha stempu ndicho jina la mtu."

Akamfanya asome stempu tatu. Zote tatu zilikuwa mbalimbali.

Askari aelewe hivi: milia ya ubavuni ni kama sare, ambayo kikosi kizima huvaa iliyo sawa, stempu ya kodi ni kama namba ya jeshi, ambayo hawezi kuwa nayo mtu wa pili. Na ile 616 haisemi bidhaa imetengenezwa wapi. Inasema tu kwamba kampuni ilijiandikisha na ofisi ya namba iliyoko Kenya. Ya Tanzania huanza kwa 620. Kampuni yaweza kujiandikisha Nairobi na kuwa na kiwanda chake nchi nyingine kabisa. Anayeshika mali barabarani kwa sababu ya tarakimu tatu za mwanzo atawaonea watu wengi wasio na hatia, na jambo hili si baya kukumbukwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Bibi alipiga magoti akaomba radhi. Hajji aliitikia, akamwambia ainuke, akamrudishia soda zake. Lakini lile daftari lenye jalada jeusi alilifunga. Tangu siku hiyo bibi alinunua kwa fedha taslimu kama mtu aliyetoka mbali.

Kwa aibu hiyo alikaa chini kujifunza. Mwalimu mmoja wa jirani alimweleza habari ya tarakimu ya mwisho, ambayo si namba ya bidhaa bali ni mlinzi wa zile 12 zilizotangulia. Hesabu yake yaweza kufanywa kwa penseli. Tuchukue namba ya mfano, 6161234567890. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 6, 6, 2, 4, 6 na 8, unapata 32. Jumlisha zile za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea, mpaka ya 12: 1, 1, 3, 5, 7 na 9, unapata 26, zidisha kwa 3, ni 78. Thelathini na mbili na sabini na nane ni 110. Kinachohitajika ili kufikia kumi kamili ni 0, na kweli tarakimu ya mwisho ni 0. Kama jicho la chombo lingekosea na kuisoma ile 5 kuwa 6, jumla ingekuwa 113, mlinzi angetakiwa awe 7, na chombo kingekataa. Ndiyo sababu simu hukaa kimya badala ya kutoa namba ya uongo. Bibi alifurahia hesabu hiyo, akawa anaifanya pembeni mwa daftari la mauzo wakati wa mvua. Lakini sharti ieleweke kwamba mlinzi huyo hugundua makosa ya kusoma tu. Mwizi aliyenakili namba yote amemnakili na mlinzi.

Asili ya milia hii ingewapendeza askari wa mawasiliano. Mmarekani Norman Joseph Woodland alikuwa amejifunza alfabeti ya Morse alipokuwa skauti. Mwaka 1949, akiwa ameketi ufukoni Miami akiwaza jinsi ya kuzitambulisha bidhaa dukani, alichora vitone na vistari mchangani, kisha akavivuta chini kwa vidole. Vikawa milia myembamba na minene. Yeye na mwenzake Bernard Silver walipata hataza mwaka 1952. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla duka halijaitumia namna ijulikanayo leo: tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilipitishwa juu ya kisomaji na ikauzwa kwa senti 67. Kile kijisanduku cha vitone kilikuja baadaye sana, mwaka 1994, kutoka kampuni ya Denso Wave ya Japani, kwa ajili ya kuhesabu vipuri vya magari. Miraba mitatu ya pembeni mwake humwambia msomaji upande upi ni juu, hivyo haidhuru ukiisoma kichwa chini. Nacho hubeba habari za akiba ndani yake: kikitengenezwa kwa kiwango cha juu, chaweza kuchafuka au kuchanika kiasi cha asilimia 30 na bado kikasomeka.

Kijisanduku cha namna hiyo sasa kimo hata katika risiti. Tangu 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa katika mpango wa risiti za kielektroniki nchini Uganda hutoa risiti yenye alama hiyo, na Hajji ni mmoja wao. Lakini si kila kijisanduku ni cha serikali. Alama hiyo yaweza kuficha anwani ya mtandao, na watu waovu huibandika mahali pa wazi ili akiisoma mtu apelekwe kwenye ukurasa unaomwomba namba yake ya siri ya fedha za simu. Msomaji asome kwanza anwani inayoonekana kioo kinapouliza kama afungue, na akiona haielewi, asifungue. Mshahara wa mwezi mzima wa konstebo waweza kuondoka kwa njia hiyo kabla chai haijapoa.

Sasa turudi Kirewa. Mwezi wa Desemba ulikuja, na Krismasi katika nchi ya Wapadhola haiji mikono mitupu. Kina mama walikuwa wakitayarisha wimbi la pombe ya mtungi, lakini vijana waliorudi kutoka Kampala na Jinja walitaka vya chupa. Bibi hakuwa na mkopo tena, na Hajji hata hivyo hauzi pombe. Ndipo kaka yake, ndugu wa tumbo moja, aliyezoea kuvusha mizigo Busia kwa njia za panya, alipomjia usiku na katoni sita za pombe kali, kila moja chupa ndogo 24. Bei ilikuwa rahisi mno. Bibi alimpa shilingi 600,000. Fedha hizo zilikuwa za karo ya Januari ya watoto wawili, na alinuia kuzirudisha mahali pake kabla ya tarehe 26 Desemba.

Risiti haikuwapo. Kaka alisema risiti itakuja.

Baada ya watoto kulala, bibi aliweka viwiko mezani, akaiinamisha chupa ya kwanza kidogo ili tochi isimeremete, akasoma stempu. Ilisomeka bila ya ubishi. Moyo wake ukatulia. Akasoma ya pili, na herufi zile zile zikatokea, na tarakimu zile zile.

Aibu ya Tororo ilimrudia. Alijiuliza kama amekosea tena na kusoma milia badala ya stempu. Akaziba milia kwa kiganja, akasoma kijisanduku peke yake. Namba ilikuwa ile ile. Akachukua daftari, akaandika tarakimu za mwisho za kila stempu, chupa baada ya chupa, mpaka jogoo wa kwanza. Katika chupa 144 zilikuwamo namba tatu tu. Mtu alikuwa amepata stempu tatu za kweli mahali fulani, akazipiga chapa kama mtu anayepiga chapa kadi za harusi. Programu haikusema uongo ilipoikubali chupa ya kwanza; namba ilikuwa ya kweli, ila mwenye namba hiyo alikuwa chupa nyingine. Anayepima chupa moja tu na kuridhika hawezi kuugundua wizi wa namna hii. Ni lazima zipimwe mbili au tatu, na zilinganishwe.

Alimpigia kaka yake simu alfajiri.

"Kaka, hizi chupa si halali."

"Dada, Kirewa nzima ni nani anayepima chupa kwa simu?"

"Mimi."

Kaka alikasirika. Alisema watu watakunywa, watalala, wataamka. Alisema yeye mwenyewe alidanganywa, naye ana watoto. Mwishowe alisema, "Unataka nifungwe kwa ajili ya karatasi?"

Mama mkwe, ambaye tangu mwanzo hakulipenda wazo la pombe dukani, alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza. Alikuwa na haki ya kusema maneno mengi, lakini alisema machache. "Mwanangu, watakaokunywa hapa Krismasi ni wanangu."

Hofu ya mama huyo haikuwa ya bure. Aprili 2010, wilayani Kabale, makumi ya watu walikufa kwa waragi uliochanganywa na methanoli, na Mei 2014 maafa ya namna hiyo yalitokea katika kaunti kadhaa za Kenya. Methanoli haina rangi, ladha yake haitofautiani sana na ya pombe ya kawaida, na kiasi kidogo chake chaweza kumpofusha mtu. Stempu ya kweli haithibitishi kwamba pombe ni njema kwa mwili, lakini stempu ya bandia humwambia mtu kwamba hakuna ajuaye imepikwa wapi, wala kwa kitu gani.

Bibi angeweza kumrudishia kaka katoni na kudai fedha zake. Alilifikiria jambo hilo, hapana haja ya kuficha. Angepata labda nusu ya fedha, kaka angeziuza katika senta nyingine, na Kirewa isingejua kitu. Saa mbili asubuhi alimpigia shemeji yake wa Malaba. Konstebo alimweleza kwa utaratibu: asiuze hata moja, asimwage, asiibandue stempu yoyote, azipeleke zote polisi pamoja na lile daftari la namba, na kama kaka atakubali, waende pamoja kwa hiari yake, kwa maana mtu aliyekuja mwenyewe na mtu aliyeletwa kwa pingu hawaandikiwi maelezo yanayofanana.

Kaka alifika saa tano. Alisimama nje kwa muda mrefu akiitazama barabara, kisha akaanza kuzipakia katoni juu ya pikipiki bila ya kusema neno.

Mambo ya kituoni yalikwenda kama yaendavyo. Maelezo yaliandikwa, kaka alilala huko siku mbili, akatoka kwa dhamana ya polisi, akawaongoza askari mpaka nyumba aliyonunulia mzigo upande wa Busia. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli, jirani hakumjua mpangaji. Shilingi 600,000 hazikurudi.

Usiku wa kuamkia Krismasi koplo alipiga simu, na bibi alimsimulia yote, karo ikiwamo. Upande wa pili ukawa kimya muda mrefu hata akadhani mtandao umekatika.

"Kaka yako yuko wapi sasa?" koplo akauliza.

"Yuko hapa. Anaogopa kwenda kwake."

"Mpe blanketi langu. Habari ya karo nitazungumza na karani wa malipo, tuone Januari."

Katika mwezi huo wa Januari rafu za duka zilikuwa nusu tupu. Mtoto mkubwa alirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzake. Watu wa senta wengine walimsifu bibi, wengine walisema amemuuza ndugu yake kwa serikali, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Mmoja wao huja kununua chumvi kwake na kuyasema maneno hayo akiwa kwenye mlango wa duka.

Mwisho wa mwezi alikwenda Tororo. Hajji alikuwa amekwisha kusikia habari, kwa kuwa Tororo si mbali na maneno hayalipi nauli. Bibi aliomba soda katoni kumi kwa mkopo. Hajji alilitoa daftari lenye jalada jeusi, akalitazama, akampa tano.

"Zisome kabla hujazipakia," akasema.

"Hajji, sitaki kukuaibisha tena."

"Zisome. Na wanangu hawa watazame, kwa maana nao hununua mali kwa watu."

Ghala lilikuwa na giza. Bibi aliweka viwiko vyake juu ya gunia la chumvi, akakifuta kioo cha kamera kwa upindo wa leso, na Hajji mwenyewe ndiye aliyemshikia tochi, akiiinamisha kidogo upande.